Mungu Ameniambia Nikuoe

Eliezeri wa Mwika alikufa kwa utii. Alikuwa mtu wa ndoto, na kila ndoto aliyoota alisema imetoka kwa Mungu, hata zile zilizotoka kwenye mbege, pombe ya ndizi. Ndoto yake ya mwisho ilimwambia apeleke mzinga wa nyuki msituni, juu ya vihamba vya watu, akautundike kwenye mti mkubwa ulioinamia korongo. Mkewe, Tabitha, alimwambia, "Baba Priska, mti ule umekauka upande mmoja." Akajibu, "Mungu hawezi kunionyesha mti mbovu." Alipomaliza kuufunga mzinga, tawi alilokanyaga likakatika. Mzinga ulibaki palepale juu. Baadaye nyuki waliingia, wakatoa asali nzuri sana.

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, mwaka ule nzige walipomaliza mahindi yote ya tambarare. Tabitha alimlilia mumewe kweli kweli, kwa sababu alikuwa mtu mpole na mchekeshaji, na nyumba ilikuwa kimya mno bila ndoto zake asubuhi. Hakumlaumu Mungu. Alilaumu tawi. Ila tangu siku ile, mtu akimwambia "Mungu ameniambia," Tabitha alitazama juu kwanza, kama mtu anayepita chini ya mti.

Na alitazama juu mara nyingi, maana matanga hayajapoa wachumba wakaanza kuingia.

Jambo lenyewe lilikuwa kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Tabitha na Eliezeri walijaliwa mtoto mmoja tu, Priska, naye alikwisha kuolewa kijiji cha Mamba. Kwa desturi ya mlimani, kihamba ni mali ya ukoo wa mume, na binti harithi. Mjane asiye na mtoto wa kiume akitaka kubaki kwenye migomba aliyoipalilia ujana wake wote, sharti awe chini ya mwanamume fulani. Kilikuwa kihamba kizuri, chenye mfereji wa maji unaopita katikati, migomba iliyonona na kahawa chini yake. Mungu, inaonekana, alikipenda sana, kwa jinsi alivyowatuma watu.

Wa kwanza alikuwa Efraimu, mdogo wa marehemu.

"Shemeji," alisema akiwa amekaa kwenye kigoda cha kaka yake bila kukaribishwa, "nimeomba sana. Mungu ameniambia nikuchukue."

"Na Eunike je?" Tabitha aliuliza. Eunike ndiye mke wa Efraimu, wa ndoa ya kanisani.

"Yakobo alikuwa na wake wawili."

"Yakobo alikuwa na wanne, shemeji. Na hakubatizwa."

Jioni ileile Eunike alikuja mferejini kuteka maji, akajifanya anasuuza mtungi. "Dada," alisema bila kuinua uso, "mimi Mungu hajaniambia kitu. Na tunalala nyumba moja."

Wa pili alikuwa Yohana, mzee wa kanisa, mgane mwenye heshima ambaye meno yake yote yalikuwa yamemtangulia mbinguni. Yeye alikuja na Biblia kwapani, akaomba kwanza, sala ndefu iliyozunguka nchi ya Kanaani yote kabla ya kufika Mwika. Baada ya amina akasema Bwana amesema naye, na kwamba nyumba yake inahitaji mikono ya mama mcha Mungu.

"Mikono tu?" Tabitha aliuliza.

"Na moyo pia," Yohana alisema, baada ya kufikiri.

Wa tatu alitoka mbali zaidi. Aliitwa Remigius, mchuuzi wa maharage aliyekuwa akizunguka kutoka Tarakea na punda wake, na kila alipopita Mwika alilaza mizigo jirani na kwa Tabitha. Huyu alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuimbia. Ila alikuwa Mkatoliki, kama watu wengi wa kwao Rombo.

"Nilikuwa kwenye misa, Mama Priska," alisema, "nikasikia moyoni mwangu wazi kabisa: Tabitha wa Mwika."

"Huyo aliyekuambia anajua kwamba mimi ni Mlutheri?"

"Hilo," Remigius alisema, "ni jambo la kurekebisha."

Tabitha aliwajibu wote watatu jibu moja. Kila mmoja alimwambia aje Jumapili baada ya ibada, atapewa neno. Hakuna aliyeambiwa kwamba wenzake nao watakuwepo.

Walipokutana uani walitazamana kama majogoo waliomwagiwa punje moja. Tabitha aliwapangia vigoda, akammiminia kila mmoja mbege katika kata. Yohana aliiita togwa, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, akanywa ya kwanza akaomba ya pili. Kisha Tabitha akasimama mbele yao na mikono kiunoni.

"Wazee wangu," alisema, "kila mmoja wenu ameambiwa na Mungu anioe. Mimi ni mjinga, sielewi. Nami nimemwogopa Mungu tangu utoto, sitaki kumkosea. Basi semezaneni ninyi mliosikia. Mkikubaliana aliyesema kweli ni yupi, mniambie."

Akachukua jembe akaenda kupalilia.

Kwanza walinong'ona. Halafu Yohana akasema yeye ndiye mzee wa kanisa, na Mungu ana utaratibu. Remigius akasema utaratibu wa Mungu ulianza Roma. Yohana akasema kama ni Roma basi arudi akaoe huko. Efraimu, aliyeona anaachwa nyuma, akapaza sauti: "Mimi niliambiwa kabla yenu wote! Mimi Mungu aliniambia tangu siku ya mazishi, tumesimama kaburini!"

Jembe likanyamaza kule migombani.

"Kaburini?" Tabitha alisema. "Kaka yako hajafukiwa, wewe na Mungu mnazungumza habari za mke wake?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa punda mmoja wa Remigius, ambaye pengine alikuwa na sababu zake. Watu watatu wakaondoka kwa njia tatu, na habari ikafika Marangu kabla ya jua kutua.

Lakini kuwashinda wanaume uani ni jambo moja, na kuushinda ukoo ni jambo lingine. Efraimu aliaibika, na mtu aliyeaibika ana bidii. Aliwaita wazee wa ukoo, wakakaa, wakanywa, wakasema kwa upole kabisa, wakimpa Tabitha sifa zake zote, kwamba kahawa ikiisha kuchumwa, mama huyu awe ameridhia kurithiwa na Efraimu, au akatunzwe na binti yake kule Mamba. Kihamba kitashikwa na mwenye nacho.

Tabitha alikwenda kwa mchungaji. Huyu alikuwa kijana wa huko huko mlimani, mwenye miwani na huruma, na desturi ya ukoo ilikuwa nzito kwake kama kwa mtu mwingine yeyote. Aliahidi kusema na wazee, na Tabitha aliona kwenye uso wake kwamba hatasema kwa nguvu sana.

"Omba, mama," alisema. "Mweleze Mungu mipango yako, kisha umwachie."

"Nikimwachia yote, mchungaji, nani atapalilia?"

Mchungaji alicheka, kisha akaona kwamba anaulizwa kweli. Akavua miwani. "Sijui, mama," alisema. "Nafikiri utapalilia wewe. Ila shamba usiseme ni lako."

Tabitha alisema hilo la shamba si lake amekwisha kuambiwa na ukoo, akaaga akaenda zake. Lakini njiani aliligeuzageuza moyoni.

Kesho yake asubuhi alisimama kati ya migomba, umande ukimlowesha mabega, akaomba. Maombi ya Tabitha hayakufanana na ya Yohana. Yeye alizungumza na Mungu kama unavyozungumza na babu mkali ambaye huna uhakika kama anasikia vizuri.

"Baba, shikamoo," alisema, akangoja kidogo, kwa adabu. "Mimi sina ndoto. Aliyekuwa na ndoto umemchukua. Nina mpango tu, nao ni wangu, sitakusingizia wewe. Nitashuka Moshi mjini nikapike chakula niuze pale karibu na stesheni. Kama haufai, uvunje. Lakini tafadhali uvunje mapema, kabla sijanunua masufuria."

Akangoja. Mfereji ukapita na maji yake. Mgomba haukuanguka, radi haikupiga. Tabitha alihesabu hiyo kuwa ruhusa, akashuka.

Mjini alikuwa na rafiki, Mwantumu, ambaye kwa miaka mingi alinunua ndizi zake sokoni. Mwantumu alikuwa mama wa Kiislamu, baba yake Mmanyema na mama yake Mpare, mkaanga vitumbua, na mumewe Mikidadi alikuwa fundi cherehani aliyeshona barazani kwao. Walimpa Tabitha chumba cha nje kilichotazama barabara ya stesheni. Akanunua masufuria mawili makubwa. Akapika kile alichojua kupika kuliko mtu yeyote mlimani: mtori, ndizi zilizochemshwa na mifupa ya ng'ombe hadi zikalainika, zikapondwa, zikatiwa maziwa.

Makuli wa reli walikuja siku ya kwanza kwa sababu ya harufu. Wakakaa, wakatazama bakuli.

"Mama," mmoja akasema, mtu wa Tanga, "nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ni chakula."

"Mimi meno bado ninayo."

Mwenzake akaonja, akasema si mbaya, ila mtu anayebeba magunia anahitaji kitu cha kugombana nacho tumboni. Je, wali hakuna? Maharage ya nazi? Tabitha akajaribu wali, ukawa mtori wa mchele. Akajaribu nazi, na Mwantumu alipoonja alimshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa. "Shoga yangu," alisema, "usirudie."

Kisha masika yakaingia. Baraza likajaa maji mekundu, kuni zikalowa, na wateja wakahamia kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mabati upande wa pili. Siku hiyo Tabitha alimsalimu Mungu kwa ufupi sana.

"Shikamoo. Nilikuomba uvunje kabla ya masufuria. Umengoja nimenunua. Sielewi tabia hii." Hakungoja jibu. Alianza kufunga vitu vyake katika kanga, akiwa na nia ya kurudi mlimani kukubali, si Efraimu, afadhali Yohana. Angalau Yohana angekula mtori.

Alikuwa akifunga fundo la mwisho Mwantumu alipoingia bila hodi. Binti yake, Mwanajuma, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na uzazi ulikuwa mgumu. Mkunga alikuwa ameondoka akisema hatari imepita, lakini binti alilala kama nguo iliyoanuliwa kambani, hataki uji wa pilipili manga, hataki chai, maziwa hayatoki, na mtoto analia mpaka sauti inakauka.

"Njoo umwone," Mwantumu alisema. "Mimi nimeishiwa."

Tabitha alimwona. Akamgusa paji la uso, akamfunua macho, akatazama bakuli la uji lililopoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani, alijisikia yuko kwao.

"Huku kwenu," aliuliza, "mzazi hapewi mtori?"

"Mtori ndio nini kwa mzazi?"

Tabitha akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Kule mlimani chakula kile ndicho cha mzazi. Watu wengine hula kwa sababu mzazi amebakisha. Alikuwa ameshuka na dawa ya wazazi, akaenda kuwauzia makuli.

Pakawa na tatizo la nyama. Mikidadi, aliyekuwa akitembea barazani huku mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni, alisema kwa haya kwamba hana neno na mkono wa Mama Priska, ila mnyama lazima awe amechinjwa kwa sheria. "Basi nenda wewe kanunue," Tabitha alimwambia. "Kongoro na mfupa wa mguu wenye uboho. Na chinjo lake ulione kwa macho yako, Mungu wako asije akanilaumu na wangu pia." Mikidadi alikwenda mbio na mkanda wake shingoni.

Tabitha alipika mchana kutwa, akamlisha Mwanajuma kijiko kwa kijiko, akimsimulia habari za Remigius na punda aliyecheka. Mwanajuma alicheka kidogo, akashika tumbo kwa maumivu, akaomba kijiko kingine. Siku zilizofuata hakumruhusu hata kuinua kikombe. Maziwa yalikuja. Huenda yangekuja hata hivyo, na Tabitha mwenyewe alisema hivyo kila alipoulizwa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwantumu alikwisha kuieneza habari sokoni pamoja na vitumbua.

Kanga ile haikufungwa tena kwa safari. Walianza kumwita majirani, kisha wake za makarani wa reli, kisha hata watu waliokuwa wakimcheka mtori wake. Kuli yule wa Tanga alikuja mwenyewe, kofia mkononi, mkewe alikuwa amejifungua mapacha. "Nani anaumwa?" Tabitha alimuuliza, akamwacha asimame na aibu yake kidogo kabla ya kuchukua sufuria.

Kupika hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa mama wakwe. Mlimani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, ananenepeshwa, hagusi jembe. Mjini Tabitha aliwakuta wasichana wanafua nguo za nyumba nzima damu haijakauka.

"Mimi nilizaa leo nikatwanga kesho," mama mkwe mmoja alimwambia mlangoni, mikono imekunjwa.

"Pole sana, mama. Hukuwa na mtu?"

Yule mama hakutegemea kupewa pole. Akakunjua mikono, kisha akarudia vita. "Lakini huyu anakula kama mfalme!"

"Mfalme hanyonyeshi," Tabitha alisema, akapita na bakuli lake.

Mwaka wa pili Efraimu alishuka mjini. Alimkuta Tabitha amekaa barazani kwake mwenyewe, maana sasa alikuwa na nyumba ya kupanga, ameota mashavu. Efraimu aliketi, safari hii baada ya kukaribishwa. Kihamba kilikuwa kinamshinda. Kahawa ilikuwa imeingiwa na wadudu, Eunike alikuwa amekataa kupalilia vihamba viwili, na watu hawakuacha kumwuliza habari za kaburini.

"Shemeji," alisema, "nimeomba tena. Mungu amenionyesha kwamba unaweza kurudi. Ukae tu, bila kurithiwa."

"Mwambie asante," Tabitha alisema. "Na mwambie nimehama. Siku hizi akinitaka, ananikuta huku."

Lakini Efraimu alipoinuka kuondoka, Tabitha aliona viatu vyake vimefunguka midomo, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliyeshuka korongoni kuubeba mwili wa Eliezeri mgongoni. Alimrudisha akala. Walizungumza habari za marehemu mpaka wote wawili wakacheka, na Efraimu akasema, bila Mungu kuhusika safari hii, kwamba alifanya vibaya. Kihamba hakikumrudia Tabitha. Wakati vita vya Hitler vikiendelea, mtoto wa kiume wa Efraimu ndiye aliyepewa, na Tabitha alikwenda kwenye arusi ya kijana huyo akala ndizi za migomba aliyoipanda mwenyewe. Alisema zilikuwa tamu, na alilia njia nzima ya kurudi.

Vita vilipokwisha, mchungaji yule yule, sasa ana mvi na miwani minene zaidi, alimwalika Tabitha aje Mwika siku ya sikukuu ya mavuno, awaeleze Wakristo jinsi Mungu alivyoongoza maisha yake. Mtu mwenye busara angeomba kwanza aambiwe atakachosema.

Kanisa lilijaa. Mikungu ya ndizi ilipangwa mpaka madhabahuni, na kuku mmoja wa sadaka alikuwa amefungua kamba, anazunguka chini ya mabenchi. Tabitha alisimama mbele na kanga yake ya mjini.

"Nimeambiwa niseme jinsi nilivyoongozwa," alianza. "Wapendwa, mimi sikuongozwa. Anayeongozwa humwona anayemwongoza. Mimi niliswagwa. Ninyi mnajua ng'ombe anavyoswagwa: mchungaji yuko nyuma, ng'ombe haoni kitu ila anasikia fimbo kushoto, anakwenda kulia, anasikia fimbo kulia, anakwenda kushoto. Hivyo ndivyo nilivyofika nilipo. Sijauona uso wake hata siku moja. Ila mgongo wangu unaijua fimbo yake."

Akina mama wa nyuma walianza kucheka ndani ya kanga. Mchungaji alitabasamu kwa tahadhari.

"Mume wangu alimwona kila usiku," Tabitha aliendelea, na sauti yake ikashuka kidogo. "Sijui. Labda kweli alimwona. Wengine pia walimwona wakaja kunieleza, nao wako hapa." Katika benchi la wazee Yohana alifumba macho ghafla, akawa katika maombi mazito. "Mimi sina maono ya kuwapa. Nilipanga jambo moja, likaharibika, nikatukana, nikafunga mizigo. Lililonishika mkono sikulipanga. Nampa asante. Lakini nasema wazi mbele ya mikungu hii kwamba angeweza kuniambia mapema. Na tukionana nitamwuliza, baada ya kumwamkia."

Hapo mchungaji akatangaza wimbo, haraka, akitaja namba isiyo sahihi, na kanisa lote likaimba wimbo wa Krismasi siku ya mavuno.

Nje, baada ya ibada, Eunike alimsindikiza mpaka barabarani. Walikuwa wazee sasa wote wawili.

"Dada, ungalijua yote haya tangu mwanzo," Eunike alimuuliza, "ungaliogopa?"

"Ningalijua, nisingalishuka," Tabitha alisema. "Ningalikaa hapa nikimngoja mtu wa kunipalilia njia."

Lori la kahawa lilikuwa limesimama chini ya kanisa, injini inanguruma. Tabitha alikuwa na haraka. Kulikuwa na mke wa fundi rangi mjini ambaye siku zake zilikuwa zimetimia, na mama mkwe wake ni wa kuangaliwa. Alimpungia dereva mkono.

"Mama, siendi Moshi," dereva alisema kutoka dirishani. "Mimi naishia Himo."

"Himo ni njiani," Tabitha alisema, akampa kikapu chake, akapanda.